Ukuta wa Damari na Brashi ya Mama Namkunda

Hii nimeletewa jana na jirani, naye aliletewa na wifi yake wa Same, nami nimeona kukaa nayo peke yangu ni uchoyo. Isome polepole, usirukie mwisho. Ukimaliza mpelekee mwenzako mmoja, hasa yule mwenye mdomo mwepesi. Unamjua.

Katika kijiji kimoja cha milimani huko Upareni aliishi mama mchoraji, jina lake Damari. Wanawake wa rika lake wote walikuwa wakiitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye aliitwa Damari tu, kama msichana, kwa sababu hakujaliwa mtoto. Mumewe alivumilia miaka michache, kisha akaenda kuoa Korogwe. Inasemekana huko nako hakupata, lakini hayo si ya leo.

Zamani Damari alikuwa akichora vibao vya maduka. Akichora mkate, unatamani chai. Ng'ombe wake wa kibao cha bucha alikuwa wa kweli mpaka mbwa wakawa wanambwekea. Halafu mume alipoondoka, akaacha. Hakuacha kuchora, aliacha kuchora vitu. Akaanza kuchora rangi tupu, mistari na mawimbi, picha ambayo ukiishika juu chini hakuna anayejua kama umeigeuza.

Kila siku kazi yake ilikwenda hivi. Alfajiri alijifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi, akapanda mpaka kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba mababu juu ya kijiji. Jioni wanaliziba ili maji ya kijito yajikusanye usiku, na asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya mahindi na tangawizi. Damari alikaa ukingoni, hana karatasi, hana kalamu. Aliangalia tu. Maji yanashuka taratibu, ukuta wa udongo unabaki na alama zake: tope jeusi chini, juu yake kahawia, juu yake wekundu uliokauka, na majani mabichi yanayoning'inia.

Akishatosheka, alirudi nyumbani bila kumsalimu mtu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kwetu salamu si neno moja. Ni umeamkaje, na nyumbani, na shamba, na ng'ombe, na watoto je. Mpaka umalize, jua limepanda. Damari alikuwa akisema kwamba akijibu salamu hizo zote, ile rangi aliyoibeba kichwani inamwagika njiani. Kwa hiyo aliinamisha uso akapita, akaingia kwenye banda lake lililokuwa la mbuzi, akafunga mlango. Alichanganya mabaki ya rangi za nyumba na udongo mwekundu na masizi ya sufuria, akapaka kwa brashi, kwa kitambaa, kwa viganja. Mchana akishamaliza, alinawa, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwasalimu wote aliowapita asubuhi, mmoja mmoja, bila kumruka mtu.

Wengi walimzoea. Jirani yake Mama Namkunda hakumzoea hata kidogo. Yeye alimwambia wazi kwamba salamu za asubuhi haziliwi mchana kama kiporo. Mama Namkunda alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, mkarimu wa chakula, na habari zote za kijiji zilipita jikoni kwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Simlaumu. Kuna watu Mungu amewapa masikio makubwa, wayafanyeje?

Basi mwaka huo wanakijiji walichangia nguvu zao wakajenga chumba kipya cha kujifungulia kwenye zahanati. Nesi Zubeda, mgeni kutoka Tanga, aliwaambia kwamba mama mwenye uchungu analala masaa mengi akitazama saruji, na kwamba ingefaa ukuta ulio mbele ya kitanda upakwe kitu cha kumtia moyo. Mwenyekiti wa kijiji akasema kwa nini tutafute mbali wakati tuna Damari. Akamwita, akamwagiza achore mama amebeba mtoto, au ikishindikana, twiga.

Damari akaingia mle na makopo yake, akajifungia siku kadhaa. Wenye kupita walisikia brashi ikikwaruza na yeye mwenyewe akiguna. Siku ya kufungua chumba watu walivaa vizuri, wakaingia kwa zamu.

Hapakuwa na mama. Hapakuwa na mtoto. Hata twiga hakuwepo. Ukuta mzima ulikuwa mistari mipana ya rangi. Ilianzia chini kwenye kahawia ya tope, ikapanda ikiwa nyekundu zaidi na zaidi, ikafika juu karibu kuwaka, halafu ikashuka taratibu ikigeuka kijani, ikigeuka kijivu cha maji. Kisha ikapanda tena. Kisha ikashuka tena. Hivyo hivyo kutoka pembe hadi pembe.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alitazama kwa muda, akasema rangi ya kwanza imekaa vizuri, sasa picha yenyewe inakuja lini. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Damari naye alitabasamu, maana alikuwa amezoea.

Lakini Mama Namkunda hakucheka. Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote:

"Tumsamehe bure. Mtu hawezi kuchora asichokijua."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alielewa amesema nini. Damari alishusha kopo lake chini polepole.

"Nimechora ninachokijua, Mama Namkunda," alijibu, akachukua khanga yake akatoka.

Jambo lingeishia hapo, lakini Mama Namkunda hakuwa mtu wa kuacha jambo liishe. Nami nitasema haki yake, kwa sababu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu. Binti yake Namkunda alikuwa na mimba kubwa. Ile ya kwanza ilitoka vibaya, mtoto hakukaa hata siku moja. Mama wa watu tangu hapo alikuwa akiona mkosi kila kona. Kwa desturi yao ya zamani, mwanamke asiyezaa hakanyagi chumba cha mzazi, na huyu hakukanyaga tu, alikipaka kwa viganja vyake. Mama Namkunda alizunguka kwa kina mama akiliongea hilo kwenye kila jiko. Wapo waliomwamini, wapo waliochoka tu kumsikiliza. Mwishowe mkutano ukakubali: ukuta utatiwa chokaa.

Nesi Zubeda alipinga, wakamwambia kwa upole kwamba yeye ni mgeni. Damari aliposikia, aliomba kitu kimoja. Aliomba waache mwanamke mmoja tu ajifungulie mle, kisha wamuulize huyo. Wakakataa.

Kesho yake hakuonekana akipanda ndiva. Wala kesho kutwa. Waliopita kwenye lile banda lake walikuta mlango wazi, na yeye amekaa kwenye kigoda anafunga brashi zake kwa kamba, moja moja. Makopo alimgawia fundi aliyekuwa akijenga jirani. Fundi alimuuliza yeye atatumia nini. Akasema hatatumia kitu, kwamba kama hata kuta za kina mama hazimtaki, basi alikuwa akijidanganya miaka yote ile, na afadhali alime tangawizi. Fundi alikuja kuyasimulia hayo jikoni kwa Mama Namkunda, na Mama Namkunda, kwa mara ya kwanza, habari ilimfikia akakosa hamu ya kuipeleka mbele.

Hata hivyo siku ya chokaa ilipofika, yeye ndiye aliyejitolea. Asubuhi alibeba ndoo na brashi pana ya kupakia nyumba, akaingia peke yake. Kwa kuwa ni mfupi, hakuanza juu. Alianza pale mkono wake ulipofika vizuri, katikati ya ukuta, mahali ambapo mistari ilikuwa imeshuka na kutaka kupanda tena. Akachovya. Akapaka brashi moja, pana, nyeupe, kutoka kushoto kwenda kulia, na matone yakatiririka.

Kabla hajachovya tena, akasikia kelele nje. Bodaboda ilikuwa imesimama mlangoni, na juu yake, akishikiliwa na mumewe asidondoke, alikuwa Namkunda. Chupa ilikuwa imepasuka shambani.

Chumba kilikuwa kimoja tu. Nesi Zubeda aliisukuma ndoo kwa mguu mpaka nje, akamlaza mzazi kitandani, akamfukuza mume, na angemfukuza mama pia kama angeweza.

Uchungu ulikuwa mrefu. Asubuhi ikaisha, mchana ukaingia. Namkunda alikuwa na hofu kuliko maumivu, na mwenye hofu hujibana, na akijibana mtoto hashuki. Nesi alimwambia apumue, hakusikia. Mama yake alimwambia amwombe Mungu, hakusikia. Alishika chuma cha kitanda akakodoa macho ukutani, hata kufumba hafumbi.

Halafu, baada ya muda, mikono yake ikaanza kulegea. Akawa anapumua kwa mpangilio, anapanda, anashuka. Na akawa anaongea peke yake.

"Nimefika kwenye nyekundu," alisema. Akashusha pumzi. "Sasa nashuka. Kijani hicho. Nashuka."

Mama Namkunda alijua mwanawe ameanza kuweweseka, na alijua ni kwa sababu ya nini. Akafungua khanga yake ya juu, akasogea ukutani atafute pa kuitundika ili aufunike.

"Mama, toka hapo," Namkunda alisema.

"Mwanangu, usiuangalie huo ukuta."

"Ukiufunika nitapotea. Niko pale."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda sokoni. Nesi Zubeda akamwashiria mama asimame alipo. Na Namkunda, uchungu ulipompa nafasi, akaeleza. Alisema maumivu yakianza, yeye anaingia pale chini kwenye tope, anapanda nayo. Anafika juu anadhani anakufa. Kisha anaona mstari umeshuka.

"Unashuka kila mara, mama. Hakuna mahali ulipobaki juu. Nimeufuata wote kwa macho, nimehakikisha."

Mama Namkunda alisimama na khanga mkononi.

"Na pale pa weupe," binti akaendelea, "pale katikati, ndipo ninapokaa. Hapo hapapandi wala hapashuki. Nakaa hapo mpaka mwingine uje."

Alinyosha kidole kuonyesha. Mama akageuka kutazama, ingawa alijua anaonyeshwa nini. Chokaa yenyewe ilikuwa bado haijakauka vizuri.

Alijifunga khanga yake upya, akaenda kukaa kichwani pa mwanawe, na kuanzia hapo wakawa wanapanda wote wawili na kushuka wote wawili, na nesi naye akawa anauliza, "Tumefika wapi?" Namkunda anajibu, "Bado kahawia," au anajibu, "Karibu juu." Na walipofika kwenye weupe wote watatu walikaa kimya, wakisikiliza kuku huko nje.

Jua lilipokuwa linaanza kupoa, mtoto akalia. Wa kike, mzima, mwenye hasira. Nesi alimpindua, akamkagua kila kidole, akamlaza kifuani kwa mama yake. Mama Namkunda alilia kwa namna ambayo aliomba baadaye isisimuliwe, kwa hiyo tuiache.

Akatoka, mikono bado ina madoa ya chokaa, akatembea mpaka kwa Damari. Alimkuta akichambua mbegu za tangawizi uani.

"Twende," alimwambia. "Mwanangu anakuita."

Damari hakuinua kichwa. "Mimi mle siingii. Mlishasema."

"Niliyesema ni mimi. Na mimi ndiye nimekuja kukuchukua."

"Amejifungua salama?"

"Salama. Wa kike." Mama Namkunda akasugua madoa ya chokaa mikononi. "Damari, mimi sijui kuomba radhi. Nikianza nitaharibu. Inuka tu twende."

Walitembea njia nzima bila kuongea, na kwa Mama Namkunda hiyo peke yake ilikuwa kazi kubwa kuliko kulima. Mlangoni Damari alisita, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mama Namkunda akamshika mkono, akamvuta ndani, na wanawake waliokuwa wamekuja kumwona mzazi wakapisha.

Damari hakumtazama mtoto kwanza. Aliuona ule mpako mweupe katikati ya kazi yake, na matone yake, na akausogelea karibu kabisa. Mama Namkunda akaanza kusema kwamba alipaka mara moja tu, kwamba yule fundi ataombwa arudishe makopo, kwamba kama Damari atataka, yeye mwenyewe atausugua ule weupe kwa maji na majivu mpaka utoke.

Namkunda akamkatiza pale kitandani, akimtazama Damari.

"Mama mdogo, usiuondoe. Nilipumzikia hapo." Kisha akauliza kile ambacho wote walitaka kuuliza. "Ulijuaje kwamba uko hivyo? Uchungu wenyewe, ulijuaje?"

Damari alijibu akiwa bado ameukabili ukuta.

"Sikujua. Mimi nilikuwa na wangu wa aina nyingine. Ulikuwa ukinijia asubuhi, nikaenda kukaa pale juu niangalie maji. Yakishuka, na mimi nashuka nayo, naweza kuimaliza siku. Nikawa nachora hicho tu, kila siku, nisisahau kwamba yanashuka." Akaugusa ule weupe kwa ncha ya kidole. "Lakini mimi nilichora kupanda na kushuka peke yake. Pa kukaa sikupachora. Nadhani sikuwahi kujiruhusu."

Akageuka kwa Mama Namkunda.

"Huu usiguswe. Picha ilikuwa haijaisha."

Ndipo akaenda kitandani, wakampa mtoto akampakata, na inasemekana alimpakata muda mrefu mpaka nesi akakohoa.

Damari alichukua makopo yake kwa fundi. Asubuhi ya pili alionekana akishuka kutoka kwenye ndiva, uso chini, hamsalimu mtu, na waliokutana naye walisogea pembeni ya njia kama unavyompisha mtu aliyebeba chungu kimejaa. Chokaa iliyobaki kwenye ndoo walipakia choo cha zahanati, kikapendeza sana.

Ukuta ule upo mpaka leo. Kina mama wa vijiji vya jirani wanapanda mlima na mimba zao kwa ajili yake, na nesi akishamlaza mzazi, kitu cha kwanza anamwonyesha pa kupumzikia. Na ukifika pale mgeni, usiwe na wasiwasi wa kutafuta mtu wa kukueleza. Mama Namkunda atakuwa keshakuona tangu ukiwa bondeni. Atakupeleka mpaka ndani, atasimama mbele ya ukuta mikono kiunoni, na atakwambia bila aibu yoyote:

"Huu tuliuchora mimi na mwenzangu."

Damari, kama yupo, atatazama dirishani akiuma midomo asicheke. Hajawahi kumsahihisha.

Funzo: Kabla hujafuta kazi ya mtu kwa sababu huielewi, ngoja umsikilize yule anayeiegemea, na kama umeshapaka brashi ya kwanza, simama hapo hapo, Mungu bado anaweza kuitumia.